Siri Kichwani, Mstari Jedwalini

Swali la nini kinachomfanya mtu wa leo awe yule yule wa jana ni kongwe katika falsafa, na wanaolijadili wamezoea kulitolea mifano ya kubuni. Lakini tangu baruapepe iingie katika kazi za kila siku, swali hilo hujibiwa kila dakika na mashine ambazo hazina habari kwamba zimeulizwa. Muuguzi wa Walikale anayefungua sanduku lake la barua ili apeleke ripoti ya wiki kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, au katibu wa parokia ya Masisi anayesubiri majibu kutoka dayosisini Goma, hutakiwa kwanza athibitishe kwamba ndiye. Na uthibitisho unaokubaliwa si sura yake, si sauti yake, wala si ushahidi wa jirani, bali ni nenosiri, yaani neno ambalo yeye peke yake anadhaniwa kulijua. Wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, zina sababu ya pekee ya kulitazama kwa makini jambo hilo dogo la kiufundi, kwa kuwa ndani yake watu wameulizwa wao ni nani kwa namna nyingi, na mara nyingi jibu limekuwa la kufa au kupona.

Ili hoja ieleweke, utaratibu wenyewe hauna budi kuelezwa. Seva ya barua ni kompyuta inayopokea, kutunza na kugawa barua kwa niaba ya watu wengi, na katika mifumo ya jadi ya Unix kila mwenye barua alikuwa pia mkazi wa kompyuta hiyo: alikuwa na akaunti yake, nambari yake, na folda yake ya nyumbani ambamo angeweza kuendesha programu nyingine. Shirika lenye watumishi waliotawanyika kutoka Sake hadi Mubi halina haja ya kuwapa wote ukazi wa namna hiyo, wala si salama kufanya hivyo. Kwa hiyo wasimamizi huunda watumiaji dhahania, yaani watu wanaotambuliwa na huduma ya barua pekee bila ya kutambuliwa na kompyuta yenyewe. Barua za wote huwa mali ya akaunti moja ya mfumo, ambayo kwa mazoea huitwa vmail, na kinachomtenganisha mtu na mwenzake ni mstari tu katika jedwali: anwani, kisha alama ya nenosiri, kisha njia ya kufikia folda yake. Postfix, programu iliyotolewa na Wietse Venema mwaka 1998, hulitazama jedwali hilo inapopokea barua. Dovecot, iliyotolewa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002, hulitazama tena pale mwenye anwani anapokuja kuzichukua. Mtumiaji dhahania hana nyumba ndani ya mashine; kuwapo kwake kote ni kuandikwa.

La kushangaza zaidi ni kwamba seva iliyojengwa vizuri hailijui nenosiri inalolidai. Katika mfumo wa CTSS, uliobuniwa kwenye chuo cha MIT cha Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Fernando Corbató, na ambao huhesabiwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya kompyuta kutumia maneno ya siri, maneno hayo yaliwekwa wazi katika faili, na siku moja hitilafu ilisababisha faili hiyo yote kuonyeshwa kwa kila aliyeingia. Robert Morris na Ken Thompson, katika makala yao ya mwaka 1979, walieleza njia iliyokuja kuwa kanuni: neno hupitishwa katika hesabu ya upande mmoja, yaani hesabu iliyo rahisi kuifanya lakini ambayo kwa vitendo haiwezi kurudishwa nyuma, na kinachohifadhiwa ni matokeo yake tu, ambayo mafundi huyaita hashi. Kabla ya hesabu huongezwa herufi chache za nasibu zinazoitwa chumvi, ili watu wawili waliochagua neno moja wasionekane kufanana jedwalini. Mtu anapokuja, seva hulitia neno lake chumvi ile ile, hurudia hesabu na kulinganisha. Matokeo yakilingana, mlango hufunguka. Kwa hiyo mhakiki anaweza kusadiki kwamba mgeni anaijua siri ilhali yeye mwenyewe haijui. Matokeo yasipolingana, seva husema tu kwamba uthibitisho umeshindikana, bila kufichua kama ni anwani isiyokuwapo au ni neno lililokosewa, hivyo mgeni asiyejulikana na mwenyeji aliyesahau hupewa jibu moja.

Kutojua huku kwa makusudi kuna thamani ya kimaadili ambayo ni rahisi kupuuzwa na mtu asiyewahi kusimamishwa kwenye barieri, kama wenyeji wanavyoviita vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na ijapokuwa lengo la vingi ni kutoza fedha, kila kimoja ni mahali ambapo mtu anaweza kusomwa: uso, lafudhi, jina la ukoo, kilima alikotoka babu yake. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 12, kinasimulia namna Wagileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumtaka kila mpitaji atamke neno moja. Aliyeshindwa kuitamka sauti yake ya kwanza kama wao alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa, na idadi inayotajwa ni watu 42,000. Neno lile halikuwa siri, kwa kuwa kila mtu alilijua. Kilichopimwa ni ulimi uliolelewa upande fulani wa mto, na ulimi haubadilishwi kwa usiku mmoja kama nenosiri linavyobadilishwa. Masisi na Walikale, ambako Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kikumu na Kinyarwanda husikika pamoja na Kiswahili kinachowaunganisha wasemaji wa lugha hizo, zimeonja ukali wa kipimo kama hicho. Mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, wilayani Walikale, mwezi Machi 1993, kisha yakaenea Masisi, yaliangamiza maelfu ya watu wa pande mbalimbali, na waliouawa hawakuulizwa walijua nini wala walitenda nini. Mbele ya historia hiyo, mashine isiyotaka kujua zaidi ya neno moja ina adabu ambayo wanadamu wengi wenye bunduki hawakuwa nayo.

Hata hivyo, kutotazama ukoo hakutoshi kuwa haki. Kundi lenye silaha la NDC-R, lililoshika sehemu kubwa ya Walikale na kupenya hadi Masisi, liliwalazimisha watu wazima wanunue kila mwezi jeton, yaani kikaratasi cha kuonyesha kwamba wamelipa, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoeleza katika ripoti zao. Aliyekuwa nayo alipita, na asiyekuwa nayo alijua yatakayompata. Jeton ile haikuuliza kabila. Tozo za namna hiyo huko Kivu zimepewa jina la «lala salama», jina lenye kejeli ya kutosha kwa anayelipa usiku wake kwa awamu, nazo zinaonyesha kwamba mamlaka inaweza kufumbia macho nasaba ya mtu na bado ikamdhulumu. Mtetezi wa nenosiri atajibu kwamba jeton hutolewa na mtawala ilhali nenosiri huchaguliwa na mwenyewe, naye anaweza kulibadilisha bila ya kumwambia yeyote. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni la nusu, kwa maana mwenye nenosiri anaimiliki siri yake tu. Mstari ambamo alama ya siri hiyo imeandikwa ni wa mwenye jedwali.

Kabla ya kufika kwenye jedwali, inafaa kuona ni utu wa namna gani unaotambuliwa na siri. John Locke, katika toleo la mwaka 1694 la insha yake juu ya akili ya binadamu, alidai kwamba mtu huendelea kuwa mtu yule yule pale fahamu yake inapoendelea: roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa fundi viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, basi wa kuwajibika kwa matendo ya mwana wa mfalme ni huyo anayeyakumbuka, hata kama viungo vyake ni vya fundi. Seva inafuata mafundisho ya Locke kwa uaminifu wa kupindukia, kwani kwake mwili si kitu na kumbukumbu ni kila kitu. Thomas Reid alimpinga Locke mwaka 1785 kwa mfano wa jenerali mzee anayekumbuka ushujaa wake alipokuwa afisa kijana, lakini amesahau kwamba alichapwa alipokuwa mvulana, ilhali yule afisa alikuwa bado anaikumbuka fimbo ile. Kwa hesabu ya Locke jenerali ni afisa, na afisa ni mvulana, lakini jenerali si mvulana, jambo ambalo haliwezekani. Pingamizi la Reid ndilo lalamiko la kila aliyesahau nenosiri lake. Anayekimbia usiku kutoka Nyabiondo au Pinga huacha daftari alimoandika maneno yake, au huporwa simu njiani, na fadhaa yenyewe humwondolea kile alichodhani amekihifadhi kichwani. Seva haimwoni tena kuwa yeye, ingawa mke wake na watoto wake hawana shaka naye hata kidogo.

Na dawa ya kusahau ni ipi? Ni kumwendea msimamizi wa seva, ambaye ataisikiliza sauti yake, atamuuliza mkuu wake wa kazi, pengine atamwita mwenzake anayemfahamu, kisha atamwandikia neno jipya. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mhamaji aliyepoteza karatasi zake: hutafuta cheti cha kupotelewa, na mara nyingi hakipati bila ya mkuu wa kijiji au watu wazima wa kwao kusema kwamba wanamjua. Chini ya siri, basi, kuna ushahidi wa watu, na palipo na ushahidi wa watu pana upendo na chuki zao. Nenosiri halijauondoa ushahidi huo; limeusogeza tu mwanzoni, siku ya kuandikishwa, na kuutaka usirudiwe kila asubuhi. Faida hiyo si ndogo. Mtu aliyekwisha pokelewa haulizwi tena babu yake alizaliwa wapi, bali huulizwa tu kama ndiye yule aliyepokelewa, na mipaka hiyo ya swali ndiyo inayomwachia nafasi ya kuishi.

Dini za maandiko zimeujua muda mrefu uzito wa kuandikwa. Katika Kutoka sura ya 32, baada ya dhambi ya ndama wa dhahabu, Musa anamwomba Mungu awasamehe watu wake, la sivyo amfute yeye pia katika kitabu alichokiandika. Anajibiwa kwamba atakayefutwa ni yule aliyetenda dhambi. Wafasiri hukaa zaidi kwenye upendo wa Musa, na ni haki yao, lakini jibu nalo linastahili kuangaliwa, kwa sababu linaifungamanisha hatari ya kufutwa na tendo la mtu mwenyewe na kukataa kulifuta jina moja kwa ajili ya kundi. Tena Mungu anayesemwa katika Zaburi ya 139, ambaye hulijua neno kabla halijafika ulimini, hana haja ya kumdai mtu siri yoyote: yeye hujua bila ya kuhakiki, ilhali seva huhakiki bila ya kujua. Muumini wa Masisi anayeamini kwamba jina lake limo katika kitabu kile haogopi kusahau. Jedwali linaloshikwa na wanadamu ndilo linalobaki kuwa tatizo, kwani mwenye siri sahihi ambaye mstari wake umefutwa yu katika hali mbaya kuliko aliyesahau: bado anajua, lakini hakuna tena cha kulinganisha na anachokijua.

Hili si la kinadharia huko Masisi. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia huko makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, ambao waliungana na wasemaji wa Kinyarwanda waliokuwapo Kivu kabla yao. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Kisha sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikautangua uraia huo na kudai nasaba ya kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mtu aliyelala akiwa raia aliamka akitakiwa kuthibitisha jambo la karibu miaka mia moja kabla yake, jambo ambalo hakuna kumbukumbu ya mtu aliye hai inayoweza kulifikia, na ambalo jirani yake Mhunde hakuulizwa. Lawama nyingi juu ya sheria hiyo zimekuwa za kisiasa. Kosa lake la kimsingi lilikuwa kulifungua upya swali la mapokezi ambalo lilikwisha kujibiwa, na kulifanya liulizwe bila kikomo, sokoni, shambani na barabarani. Miaka kumi na miwili baadaye, Ntoto ilipolipuka, lilikuwa bado linaulizwa.

Sheria ya Novemba 2004 ililegeza kipimo kwa kuifanya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, iwe ndiyo mpaka, na kuwahesabu kuwa Wakongo wa asili watu wa makabila ambayo wakati huo yalikuwa sehemu ya nchi. Lakini haki inayotolewa kwa kundi hushikwa mkononi na mtu mmoja mmoja, nayo hushikwa kwa karatasi. Na kwa kuwa vitambulisho vya taifa havikutolewa kwa utaratibu tangu miaka ya 1980, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa wananchi wengi. Rais Félix Tshisekedi alikabidhiwa kitambulisho kipya cha kwanza mwezi Juni 2023. Mwaka huo huo, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23, uandikishaji wa wapiga kura haukufanyika katika sehemu kubwa ya Masisi, na uchaguzi wa Desemba haukufanyika huko. Vijana wa Kihunde na wa Kinyarwanda waliotimiza umri wa miaka 18 katika kipindi hicho wanaweza kutaja kilima chao, mwami wao na majina ya babu zao mpaka kizazi ambacho muulizaji atachoka kusikiliza, na hakuna orodha ambayo majibu hayo yangelinganishwa nayo.