Asiyekuwepo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii humhimiza mtu ahudhurie kikao: ukikosa, usilalamike baadaye. Kwa mambo ya harusi au ya chama cha kuweka akiba, sina ubishi nayo. Lakini tukiipeleka kwenye malipo ya wazee waliostaafu, wajane na walemavu wa vita, inageuka kuwa dhuluma, kwa sababu wengi wao hawana nguvu ya kufika kwenye kikao chochote. Katika insha hii nataka kujibu swali moja: Bunge linapokagua jinsi serikali inavyolipa mafao, lianze na nani? Jibu langu ni kwamba lianze na yule ambaye hayupo.

Vyombo vya ukaguzi tunavyo. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 imelipa Bunge jukumu la kusimamia utendaji wa serikali na kuwahoji mawaziri. Katiba hiyohiyo inataja tume ya walemavu wa vita, wajane na yatima. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta linalopita Sudan kuharibika mwezi Februari, watumishi wa umma walikaa miezi mingi bila mshahara, na Bunge likadai maelezo kutoka kwa wizara ya fedha. Lilifanya vyema. Hata hivyo, mtumishi aliye kazini ana njia ya kusikika. Mwalimu akiacha kufundisha, wazazi wanapiga kelele. Daktari akigoma, mji mzima unajua. Mstaafu akigoma, atagoma kufanya nini?

Hapo ndipo ugumu wa kimaadili unapoanza. Katika kugawa mafao kuna makosa ya aina mbili. La kwanza ni kumlipa asiyestahili, kama vile mfanyakazi hewa ambaye jina lake limo kwenye orodha lakini mwenyewe hayuko duniani. La pili ni kutomlipa anayestahili. Ukaguzi hupenda kosa la kwanza, kwa kuwa linaacha alama: kuna fedha iliyotoka, kuna sahihi, kuna mtu wa kukamatwa. Kosa la pili haliachi kitu kwenye daftari. Mzee ambaye hakulipwa haonekani popote katika hesabu. Tena kwenye hesabu hizo anaweza kuonekana kama faida, kwa sababu fedha yake haikutumika.

Kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyefanya kazi ya ukarani serikalini kwa zaidi ya miaka ishirini. Karatasi zake anazihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isizilowanishe. Kila uhakiki unapotangazwa, huambiwa aende mwenyewe ili ionekane kwamba yu hai. Kwenda na kurudi kwa bodaboda kunamgharimu fedha anayoikopa kwa binti yake anayeuza chai. Nia ya uhakiki ni kuwafichua wafanyakazi hewa. Lakini mfanyakazi hewa hachoki magoti, wala hahitaji nauli. Anayelipia gharama za uhakiki ni yule aliye hai.

Je, makosa haya mawili yana uzito sawa? Wapo watakaosema shilingi iliyoibwa ni sawa na shilingi iliyonyimwa. Sikubaliani nao. Fedha iliyolipwa kimakosa inaweza kudaiwa mwaka huu, mwakani, hata baada ya miaka kumi. Miaka ya mzee haidaiki. Mtu wa miaka 75 akiambiwa asubiri miaka mitatu, hajacheleweshewa haki yake tu, huenda amenyimwa kabisa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mzee humaliza hata mwenye tumbo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wa jambo hili. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na makubaliano ya kugawana mali yake yalifikiwa mwaka 1984. Nchini Tanzania, waliokuwa wafanyakazi wake waliendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani hadi miaka ya 2000, na wengi walifariki wakiwa bado wanadai. Sisi nasi tuna kisa kinachofanana na hicho. Septemba 2012, mjini Addis Ababa, Sudan na Sudan Kusini zilitia saini makubaliano kadhaa, na moja lilihusu mafao ya watu walioitumikia serikali ya Khartoum kabla ya nchi kugawanyika. Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum kwenyewe. Mkataba upo, lakini mdai anazidi kuzeeka.

Najua pingamizi la kwanza: hazina ni tupu, na maswali ya wabunge hayachapishi noti. Ni kweli. Lakini hata umaskini una utaratibu wake. Nyumbani chakula kikiwa kidogo, mama huamua nani ale kwanza, na uamuzi huo ndio unaotuonyesha maadili ya nyumba. Mwaka 2018, uchumi ukiwa katika hali mbaya, wabunge walipewa mikopo ya dola 40,000 kila mmoja ya kununulia magari. Sisemi mbunge asiwe na gari. Nasema fedha ilipatikana, na kwamba mtu fulani alipanga foleni. Kazi ya ukaguzi ni kuuliza foleni hiyo ilipangwa kwa kigezo gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Bunge hili halikuchaguliwa. Viti vyake 550 viligawanywa kati ya vyama kwa mujibu wa mkataba wa amani wa 2018, na uchaguzi uliotarajiwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Basi mbunge asiyeogopa kura atamuulizia mstaafu kwa sababu gani? Nadhani hapa tunachanganya sababu ya kuogopa na sababu ya kuwajibika. Mlezi wa yatima hakuchaguliwa na yatima, na hilo linaongeza wajibu wake, kwa kuwa yatima hana njia ya kumwondoa.

Vilevile mawaziri hawawezi kujificha nyuma ya ugeni wao. Kati ya 2020 na 2024 waziri wa fedha alibadilishwa angalau mara tano. Kila ajaye anaweza kusema deni alilikuta. Lakini pensheni si hisani ya waziri fulani kwa mzee fulani. Ni mshahara ambao mtu aliufanyia kazi ujanani akaahidiwa kuupokea uzeeni. Ni deni la serikali, na serikali haihami ofisi mtu mmoja anapoondoka. Dawa ya deni ni kulipa, hata kama mkopaji alikuwa mwingine.

Kwa hiyo napendekeza swali moja dogo. Kila bajeti inapowasilishwa, kamati ya Bunge imtake waziri aseme ni wastaafu wangapi walifariki mwaka uliopita kabla ya kulipwa, na kila mmoja alikuwa amesubiri kwa muda gani. Swali hili halihitaji mafuta wala msaada wa wafadhili. Linahitaji karani na daftari. Waziri akiwa na jibu, tutajua ukubwa wa deni. Akikosa jibu, Bunge litakuwa limegundua kwamba serikali inahesabu fedha tu, na haijaanza kuwahesabu watu inaowadaiwa.