Kivuli cha Kituoni ni Haki ya Nani?
Kuanzia Juni 30, 2023, mji wa Phoenix, Marekani, ulipitia siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Mwaka huo kaunti ya Maricopa, ulimo mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Mwenye gari huwasha kiyoyozi. Msubiri basi husimama juani. Je, kumwekea kivuli ni sadaka?

Mapokeo ya Kiislamu yanakwenda mbali zaidi. Mtume Muhammad alikataza kujisaidia penye kivuli cha watu, akikitaja pamoja na njia na mahali pa maji. Kivuli, basi, ni cha umma, na kukiharibu ni kudhulumu.

Kwa kipimo hicho, halmashauri inayofyeka mwarobaini wa kituoni ina deni. Wala paa halitoshi: basi likichelewa, mzee aendaye kliniki anahitaji benchi na maji ya kunywa.