Je, Miti Nayo Yachafua Hewa?

Msafiri atokaye Tabora kwenda Urambo, pande zile zilizopitwa na misafara ya kale kati ya Bagamoyo na Ujiji, huona wakati wa kiangazi utusitusi mwembamba uliotanda juu ya miombo. Wengi husema ni moshi tu, nao hawakosei sana, maana miezi hiyo mapori huchomwa. Lakini katika hewa hiyo kimo kitu kingine kisichoonekana, kitokacho katika majani yenyewe.

Wataalamu hukiita isopreni. Ni gesi yenye atomi tano za kaboni na nane za haidrojeni. Si kila mti huitoa. Na ile iitoayo huizidisha jua likiwa kali, usiku ikaacha. Yaaminika kwamba gesi hiyo huusaidia mti kustahimili joto. Kwa makisio, mimea ya dunia nzima hutoa takriban tani milioni 500 kila mwaka. Kuipima si kazi nyepesi: tawi hufungwa ndani ya mfuko na hewa yake ikakusanywa, au mnara husimamishwa kupita vilele vya miti, au hewa hupimwa kutoka kwenye ndege, na siku hizi hata kwa setilaiti. Katika mradi ulioitwa SAFARI 2000 wataalamu walichunguza hewa ya misitu na mbuga za kusini mwa Afrika, miombo ikiwamo, pamoja na moshi wa mioto ya porini.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Isopreni haidumu, mchana huisha kwa saa chache. Lakini ikikutana na oksidi za naitrojeni, zitokazo katika moto na katika injini za magari, basi kwa nguvu ya jua huzaliwa ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na mionzi mikali. Hii ya chini hudhuru mapafu na kudumaza mazao. Oksidi hizo zikiwa chache mno, ozoni haiongezeki. Yaweza hata kupungua.

Nani basi mwenye kosa? Mwaka 1980, Ronald Reagan akigombea urais wa Marekani alidai kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa hewa yatokana na mimea. Watu walimcheka, yasimuliwa kwamba wanafunzi walitundika bango mtini, mti ukiomba ukatwe kabla haujaua tena. Sisi tusingependa kucheka upesi hivyo. Gesi ya miti ni kweli, nayo ni nyingi. Kasoro ni kwamba ukweli huo ulifanywa wakili wa motokaa.

Mtu akiwasha moto kando ya nyumba ya nyasi, hawezi kujitetea mbele ya wazee kwamba nyasi zilikuwa kavu. Wazee watamwuliza: hukujua? Na akikiri kwamba alijua, ukavu ule wazidisha kosa lake badala ya kulipunguza. Mti hauna hiari. Hutoa pumzi yake leo kama ulivyoitoa wapagazi wa Kinyamwezi walipopumzika kivulini mwake, mabega yakiwauma kwa pembe za ndovu. Mwenye hiari ni yule aletaye moto. Babu zetu walichoma pori bila kujua habari za ozoni, nao hatuwalaumu kwa hilo. Sisi tuliokwisha kuambiwa tu katika hali nyingine.

Lakini tusikimbilie kumkamata mkulima peke yake. Hata udongo mkavu, ukipata mvua ya kwanza, hutoa oksidi zile zile, wala hakuna awezaye kuushitaki. Na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge akatae kuni za bani, atakausha majani yake kwa nini, na karo ya watoto ataitoa wapi? Moshi wa bani lake una wenyewe wengi: anunuaye tumbaku, avutaye sigara ng'ambo, na serikali ipokeayo kodi. Mkaa nao husafiri mbali kwenda kupika chakula cha watu wa mjini ambao hawajapata kuuona mtundu wala muba ukiwa umesimama. Twaona ni dhuluma kumpima yule mwenye panga tu na kuwaacha wenye mizani.

Liko na jambo jingine lisilosemwa sana. Wakulima wa tumbaku hutakiwa kupanda miti badala ya ile waliyoikata, na wengi wamepanda mikaratusi kwa kuwa hukua upesi. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mikaratusi ni miongoni mwa miti itoayo isopreni kwa wingi. Shamba la mikaratusi likizungukwa na mabani yanayofuka moshi juani, lazima mtu aulize hewa ya hapo ikoje, na watoto walalao karibu wanavuta nini. Swali hilo halijibiwi kwa kuutazama mti na kuupenda. Lataka mfuko wa kufunga tawi, mnara, na kijana wa Tabora aliyesomeshwa kemia akapewa kazi ya kupima mwaka mzima, kiangazi na masika.