Runinga yetu na thumuni ya mjane

Mwaka jana nilialikwa kusomesha mirathi katika runinga moja ya Waislamu hapa mjini. Mama mmoja akapiga simu: mumewe kafariki, kaacha watoto, na shemeji zake wanadai mjane hana fungu. Nikamfafanulia Suratun-Nisaa, aya ya 12: mume akiacha mtoto, mke hupata thumuni, baada ya wasia na deni. Mama wa watu kakaa katika ndoa miaka 20 hajapata kulisikia hilo, na msikiti uko mlangoni kwake! Khutba tunawasomea wanaume, na wengine ndio hao mashemeji. Leo kituo kile kinadaiwa ada ya kurusha matangazo, nasi tunachangishana mnara wa pili.