Sauti Imjuayo Muuaji

Alfajiri katika soko la samaki la Magogoni, jijini Dar es Salaam, sauti itawalayo ni ya dalali. Fungu la samaki humwagwa mezani, naye hulisifu kana kwamba bahari haijapata kutoa mfano wake. Wanunuzi, aghalabu wachuuzi na kina mama wakaanga samaki, humsikiliza kwa sikio moja huku macho yakikagua mashavu ya samaki. Hapana anayedanganyika. Kila mtu anajua dalali yuko upande wa nani, na samaki mwenyewe yupo pale, ashikwe, anuswe, afunuliwe shavu.

Saa chache baadaye, karibu na karai la mafuta, mmoja wa kina mama hao aweza kuwa na sauti nyingine ubavuni: simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, ikimsomea riwaya ya upelelezi. Simulizi za namna hii zimekuwa chakula cha kila siku kwa wengi, kwanza kwa memori kadi zilizojazwa kwenye vibanda vya Kariakoo na mitaa mingine, kisha kwa intaneti. Sauti hii nayo inauza, ila samaki wake haonekani. Msomaji amekwisha kuifikia sura ya mwisho. Anamjua muuaji, na msikilizaji hamjui. Je, mwenye sauti anadaiwa nini na msikilizaji wake? Na anadaiwa nini na mtu wa tatu, yaani mwandishi, ambaye mara nyingi yuko kaburini?

Swali hili si la mchezo kwa yeyote aliyepata kuandamana na Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alipata tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti yakutwa mzimuni, na wapo walio tayari kuamini kwamba mambo ya mzimu hayaulizwi. Bwana Msa, na kiko chake kinywani, anauliza. Uzito wote wa kisa umelala hapo, baina ya hofu na akili. Sasa, kwenye karatasi neno “mzimu” ni herufi tano zisizotetemeka. Asomaye hulitia hofu yake mwenyewe, au asilitie. Lakini sauti ikilitamka kwa kutetemeka, ikaongezewa mwangwi na mlio wa bundi, imekwisha kupiga kura. Imewaunga mkono wale wale ambao Bwana Msa anakuja kuwatoa katika itikadi yao. Ajabu ni kuwa hakuna hata neno moja lililobadilishwa. Mwandishi angefufuka leo asingepata sentensi ya kuilalamikia. (Lafudhi ya bara kinywani mwa Bwana Msa ni kosa dogo mbele ya hilo, na wasikilizaji wa Unguja watalisamehe, ingawa kwa shida.)

Hali ni hiyo hiyo kwa washukiwa. Msomaji hana budi kumpa kila mmoja sauti. Akimpa muuaji sauti nzito ya kukwaruza, ameitoboa siri. Akimpa sauti ya malaika ili kumpoteza msikilizaji, amefanya hadaa ambayo mwandishi hakuifanya. Haki ni kumsoma mtu yule kama ajionyeshavyo kwa majirani zake siku hiyo, wala si kama atakavyosimama mbele ya hakimu. Ni jambo gumu kumjua mtu kisha kuuzuia ulimi usimhukumu kabla ya wakati; watu wengi hawaliwezi hata nje ya riwaya. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, hadai uangalifu mkubwa kiasi hicho. Pale mwendo ni wa kasi, na risasi haina lafudhi.

Kwa mchekeshaji anayezisoma kazi zilizotukuka, mambo yanageuka. Si mbali na soko la Magogoni ipo Ikulu, na Rais wa kwanza aliyeitumikia, Julius Nyerere, ndiye aliyemtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika jina la asili mfanyabiashara ni mmoja; Nyerere amewafanya wengi, na amewaita mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mtu aweza kubishana naye, lakini hawezi kusema amefichwa. Hukumu imewekwa kwenye jalada.

Na achukuliwe mchekeshaji ampaye Shylock lafudhi ya mwenye duka wa Kihindi wa Kariakoo. Watu watacheka, na kicheko kitakuwa kikubwa. Lakini kimehama. Kimetoka Venisi, kikavuka barabara, kikaingia dukani kwa jirani mwenye jina na watoto. Na utakapofika wasaa ambao Shylock anauliza iwapo yeye haumii wala hatoki damu kama watu wengine, lafudhi ile haitaondoka kwa kuwa sasa inahitajika huruma. Shakespeare alimwachia mtu yule mlango mmoja. Sauti imeufunga, na hadhira inapiga makofi.

Atatokea wa kusema kwamba visiwani fasihi iliishi kwa sauti kabla ya karatasi, na sauti hizo hazikuona haya kuchukua upande. Ni kweli. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mtu aliyetuhumiwa kumuua mwanamke mgeni kisha akakimbilia bara, ilhali adhabu ikawashukia wanawake waliotoa ushahidi. Sauti ile haikujifanya mizani. Ilihukumu mahali ambapo mahakama ilishindwa, na waliosikiliza walimjua mwimbaji na waliijua kesi. Marehemu Lufufu, aliyepata sifa Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, alikuwa wazi vile vile kwa njia ya mzaha: hakuna aliyedhani utani ule umetoka kinywani mwa mwigizaji wa Marekani. Hawa ni madalali wa kweli. Upande wao unajulikana. Kwa hiyo mchekeshaji, pamoja na dhambi yake ya lafudhi, angalau anakamatika. Wa kuogopwa zaidi ni yule msomaji mtaratibu, mwenye sauti ya heshima, anayeruka kurasa mbili kwa kuwa zinachosha, anayelainisha tusi na kumtetemekea mzimu, kisha akasema: kitabu ndicho hiki.

Mwenye kitabu nyumbani atafunua kurasa na kumsuta. Asiyeona, au asiyepata kufundishwa kusoma, hana pa kufunua. Kwake sauti haiko baina yake na kitabu; ndiyo kitabu chenyewe.

Mama wa karai la mafuta ameshamchagua muuaji wake tangu sura ya tatu. Jirani yake, aliyekisoma kitabu zamani shuleni, anacheka na kumwambia kwamba mtu yule mwandishi alimpenda sana. Mama haamini. Anapangusa vidole kwenye kanga, anairudisha simu nyuma hadi pale mtu yule anapobisha hodi kwa mara ya kwanza, na anainamisha sikio. Sauti inasema vile vile ilivyosema mwanzo.