Mkono wa Mwisho

Kifaa kikiharibika mkononi mwa aliyekiazima, nani alaumiwe? Wengi hujibu upesi: aliyekuwa nacho. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na pampu ya baiskeli yaweza kutuonyesha kwa nini.

Tangu John Boyd Dunlop apate hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, mwendesha baiskeli hana budi kutegemea pampu, yake au ya jirani. Katika pampu nyingi za mkono, kwenye ncha ya mche, kuna ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe. Ukisukuma, hewa huitanua midomo ya ngozi ikabana ukuta wa bomba, hewa ikakosa njia ila ya kwenda tairini. Ukivuta, midomo hulegea na hewa mpya hupenya pembeni. Ngozi hiyo hutaka mafuta. Pampu ikikaa bila kutumika kiangazi kizima, ngozi hunyauka, wala mwenyewe asijue, maana kwa nje inang'aa vilevile.

Nimepata kuona, kando ya barabara itokayo Isongole kwenda Itumba, wilayani Ileje, kijana aliyepakia gunia la mahindi akapata pancha. Kiraka alikwisha kubandika. Pampu akaazima kwa mzee mpita njia. Alisukuma mara tatu, hewa yote ikamrudia mikononi.

"Mwanangu, pampu hii nimekupa nzima," mzee akasema.

"Samahani baba, niruhusu niifungue."

Alipochomoa mche, ngozi ilikuwa ngumu kama gome la mti. Misukumo mitatu haiwezi kukausha ngozi namna ile. Mzee alinyamaza, kisha akashika bomba, kijana akaipaka ngozi grisi aliyoikwangua kwenye ekseli na kuitanua midomo kwa kidole. Pampu ikashika hewa.

Tunachanganya mambo mawili: kosa na wajibu. Kosa hutafutwa nyuma, huko lilikoanzia. Wajibu huwa wa yule aliyepo, anayeona ubovu na ana uwezo wa kufanya jambo. Mwalimu wa darasa la mwisho hulaumiwa kwa mtoto asiyejua kusoma, ingawa ubovu ulianza darasa la pili. Mganga hulaumiwa kwa mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani wiki mbili. Mkono wa mwisho ndio unaoonekana, basi ndio unaopigwa.

Labda msomaji utasema: kama kosa si la kijana, angerudisha pampu ilivyo akaenda zake. La. Asingelaumika kwa ubovu, lakini angempelekea mwingine tatizo ambalo yeye amekwisha kuliona. Mwalimu naye hawezi kumwacha mtoto bila kumfundisha eti kwa sababu hakumharibu yeye.

Na mwenye mali je? Wako wanaokataa kuazima wakisema vitu vyao vitachakaa. Ni kweli, vitu huchakaa kwa kutumika. Lakini pampu iliyofichwa huharibika pia, tena kimya, na ubovu wake hugunduliwa siku ya shida. Anayeazima hupata angalau nafasi ya kujua hali ya mali yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ameharibu, tufungue kwanza tuone ndani. Mara nyingi tutakuta ubovu una umri mrefu kuliko ugomvi wetu.