Lindo Kalipanga Nani?

Wanangu mnaoingia ofisini na vyeo vipya, mimi mzee wenu nimechoka, na si uzee tu ulionichosha. Kinachonichosha ni kuwasha redio asubuhi nikamsikia mkubwa mwingine akilalamika kwamba ameangushwa na watendaji wake. Daraja limebomoka, kaangushwa na mkandarasi. Dawa zimeharibika stoo, kaangushwa na mtunza stoo. Fedha za madawati zimeliwa, kaangushwa na mhasibu. Mtu huyu kila siku anaangushwa, wala sijamwona hata na mchubuko.

Nilivaa magwanda nikiwa kijana, na huko nilijifunza mapema kwamba mkubwa huulizwa kwa makosa ya walio chini yake. Alfajiri moja afisa wa zamu alimkuta kuruta amelala lindoni, bunduki kaiegemeza kwenye mti. Kwa jeshi lolote hilo ni kosa kubwa, na sote tulijua kijana kwisha habari yake. Kamanda wa kombania alipofika, kuruta hata hakumtazama. Alimwita luteni.

“Huyu mara ya mwisho kalala lini?”

“Afande, nilimwagiza sajini apange…”

“Sijakuuliza ulimwagiza nani. Nimekuuliza kalala lini.”

Luteni hakujua. Kumbe kijana yule kutwa nzima alikuwa anapakua masanduku ya risasi, jioni akatumwa maji, halafu akapangiwa lindo la kuanzia saa nane usiku. Msidhani aliachwa, adhabu yake aliipata, maana adui hajali kama umechoka. Lakini orodha ya malindo ilikuwa na sahihi ya luteni, na kwa sahihi hiyo aliulizwa maswali ambayo sajini hakuulizwa. Tangu siku ile tukawa tunamwona luteni akizunguka jioni na daftari, anauliza mmoja mmoja: umekula? Umelala saa ngapi? Buti lako limepasuka tangu lini? Hakuwahi kutuhutubia kuhusu uongozi, na mimi namshukuru kwa hilo.

Kazi unaweza kumkabidhi mtu. Dhamana hubaki kwako. Ukimweka kijana aliyemaliza chuo juzi kwenye dawati la manunuzi, peke yake, bila wa kumfundisha, kisha akasaini upuuzi, kosa ni lake. Lakini lindo kalipanga nani?

Hebu twende Lukaya, huko Uganda, Machi 1979, wakati wa vita vya Tanzania na Idi Amin. Mimi sikuwa kwenye mapigano yale, ila habari zake si siri. Brigedi ya 201 ya jeshi letu ilikuwa na mgambo wengi, watu waliokuwa wanalima pamba na kuchunga ng'ombe miezi michache tu nyuma. Jioni ya tarehe 10 majeshi ya Idi Amin, pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, yakawamwagia makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mtu ambaye hajawahi kusikia mlio ule hana muda wa kupima yanaangukia wapi. Wengi wakavunja safu wakarudi nyuma, na mji ukatutoka.

Hapo ingekuwa rahisi mno kusema mgambo ni waoga. Kwenye vijiwe vya kahawa wapo waliosema. Lakini mgambo hakujipeleka mbele mwenyewe; alipelekwa, na waliompeleka walijua ujuzi wake ulipoishia. Usiku ule brigedi ikakusanywa na kupangwa upya, na Brigedi ya 208 ikaletwa izunguke kutokea ubavuni. Asubuhi ya tarehe 11 wale wale wa 201 wakashambulia kwa mbele, 208 ikapiga kutoka kaskazini magharibi, na Lukaya ikachukuliwa. Mgambo wa 201 ni wale wale, bunduki zao ni zile zile. Kilichobadilika ni mpango, na mpango ni kazi ya wakubwa. Mwezi mmoja baadaye Kampala ikaanguka.

Wamarekani nao wanaye wa kukumbukwa. Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi yaliyovuka kuwapiga Wajerumani Normandy, Ufaransa, mkesha wa kuvuka huko Juni 1944, alikaa akaandika kikaratasi cha kutangaza kushindwa, endapo wangeshindwa. Hata tarehe akaikosea, akaandika Julai. Mwanzo aliandika kwamba vikosi vimeondolewa. Akakata, akaandika kwamba yeye ndiye aliyeviondoa. Wanajeshi akawasifu, lawama zote akajitwisha. Kikaratasi hakikuhitajika, maana walishinda. Ninachowaomba mkitazame ni kwamba alikiandika kabla, matokeo yakiwa bado hayajulikani.

Sitaki mseme haya ni mambo ya jeshini tu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwalimu. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi walikamatwa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwinyi hakumgusa hata mmoja. Lakini polisi waliohusika walikuwa chini ya wizara yake, na mwanzoni mwa 1977 akaandika barua ya kujiuzulu, na Mwalimu Nyerere akaikubali. Hakumtafuta koplo wa polisi wa kumfanya bangusilo.

Siku hizi kuna ujanja unaonikera kuliko hata kukana. Mkubwa anasimama mbele ya kamera, anainamisha kichwa, anasema lawama anabeba yeye. Makofi. Wiki ijayo barua ya uhamisho inamfikia karani, gari la mkubwa liko pale pale, posho iko pale pale. Sasa hapo alibeba nini? Na wenzake ni wale wanaosema tuwajibike sote. Wakiwajibika wote, nenda ukamtafute mmoja wa kumuuliza. Wahenga walisema ukubwa jalala. Hawa wanautaka ukubwa, jalala wanampelekea jirani.

Najua swali lenu, maana mliowahi kuja nyumbani mmeniuliza. Mzee, nikikubali kosa si nitapoteza kazi? Inawezekana. Mtasema mbona Mwinyi alirudi, akaenda ubalozini Misri, akawa Rais wa Zanzibar 1984 na wa Muungano 1985. Msipige hesabu hiyo. Alipoiandika ile barua hakuna aliyemwahidi Ikulu. Wapo waliojiuzulu wakaishia kufuga kuku, na hakuna anayekumbuka majina yao.

Mikopo ya benki mnayo, watoto wako shuleni, nami siwadai mjiuzulu kila kalamu inapopotea. Anzeni na vya karibu. Kwenye kikao cha Jumatatu, ile taarifa yenye tarakimu mbovu ikisomwa na macho yote yakamgeukia binti wa uhasibu, usiiname kwenye simu yako. Sema: ile niliipitisha mimi bila kuisoma. Kisha baada ya kikao, mlango ukiwa umefungwa, kaa na huyo binti muipitie tarakimu kwa tarakimu.